Lori Lililozimika Mlangoni kwa Shangazi

Igogo, Mwanza
18 Septemba 1994

Kaka yangu mpendwa Masalu,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nimekalia boksi la spana nje ya gereji, maana ndani umeme umekatika tena, na ninatumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam kwa wakwe zako. Joto la huko unalionaje? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa, au bado unakohoa alfajiri? Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na huo unajua ni wa kulala chini ya magari ya watu. Shemeji Rebeka nilimpitia juzi. Hajambo, na watoto hawajambo, wanauliza baba anarudi lini. Nikawaambia sijui.

Barua hii ni ndefu, kwa hiyo tafuta mahali ukae. Mengine nitakayoandika unayajua tayari, lakini vumilia. Nataka niyapange yote kama ninavyopanga nati ninapofungua injini, kila moja mahali pake, kwa sababu nikianza kuruka nitapoteza moja na mambo hayatafunga tena. Hasira zangu unazijua tangu utotoni. Kwa mdomo ningekuwa nimeshapiga kelele mpaka majirani wajae.

Ulipopunguzwa kazi kule ushirika, wakati magodauni yanafungwa na pamba inanunuliwa na kila mwenye mzani, ulichukua kiinua mgongo chako chote ukanunua lori kuukuu la petroli kwenye mnada. Nilikuambia injini ile imechoka. Ukanijibu kwamba hata wewe umechoka lakini kazi unafanya. Tulicheka sana siku ile. Na kweli lilikulisha, siwezi kulisingizia. Lilibeba sangara kupeleka viwandani, likabeba pamba, mbao, harusi na misiba. Mtu akisikia mlio wake kule nyumbani ng'ambo ya Kamanga alijua Masalu kaja, na Shangazi Wilhelmina alikuwa wa kwanza kutoka barabarani, anafuta mikono kwenye kanga.

Ugonjwa wake ulianza taratibu. Kwanza likawa linatetemeka likisimama, silensa, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, haitulii, linaunguruma mara juu mara chini. Halafu likaanza kuzimika. Mimi wakati huo nilikuwa Nansio nafunga mashine za kusaga, na kule nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Ukalipeleka kwa hao mafundi wa barabarani ambao siku hizi wamejaa kuliko magari yenyewe. Mmoja akabadilisha plagi, mwingine akabadilisha kabureta nzima, wa tatu akakaza skrubu ya silensa mpaka injini ikawa inapiga kelele hata ikisimama, akakuambia limepona. Jamani, kukaza silensa ni kumfunga mgonjwa mdomo asilalamike! Mayala, dereva wako, akajifunza ujanja wake. Alikuwa anaendesha huku amevuta nusu ile choki ya kuzuia hewa, mguu mmoja hautoki kwenye mafuta, na pale alipoweza alifunga breki ya mkono. Kwa njia hiyo lilitembea.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo ujanja wa Mayala ulishindwa kila safari. Pale korongoni, mvua zilipokula barabara, lazima dereva akanyage breki sawasawa mpaka gari litambae, la sivyo anavunja ekseli. Na korongo liko wapi? Mbele ya mlango wa Shangazi. Hapo lori lilizimika kila lilipopita, na kila lilipozimika Shangazi alitoka na kata ya maji, akawapa wasukumaji maji ya kunywa na maneno ya utani. Alikuwa anamwambia Mayala kwamba gari hilo linamtaka yeye, lisipomwona haliendi. Utani tu wa mzee. Ningekuwapo ningemziba mdomo.

Sasa nafika mahali pagumu kuandika. Ile Aprili ulipompakia mwanao Odeta kumleta hospitali mjini, degedege limempanda na mwili unawaka moto, lori lilizimika palepale. Mayala alipiga stata mpaka betri ikafa. Mkasukuma kwenye tope mpaka mkaishiwa nguvu, na kivuko cha mwisho kikaondoka Kamanga bila ninyi. Shangazi alimtoa mtoto kwenye kebini, akamlaza mapajani pake, akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji baridi, anasali. Odeta akakata roho mikononi mwake. Kaka, nilipofika kutoka Nansio mlikuwa mmeshazika. Nilikukuta umekaa chini ukutani, tope la korongoni limekukaukia miguuni. Sijawahi kukuona hivyo, hata mama alipofariki.

Maneno yakaanza kabla hata matanga hayajaanuliwa. Lori linazimika kwa nani? Kwa Wilhelmina. Mtoto kafia wapi? Mapajani kwa Wilhelmina. Macho ya Wilhelmina yana rangi gani? Mekundu. Ebo! Mwanamke aliyepikia moto wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, mlitaka macho yake yawe ya rangi gani? Lakini wewe na mimi tunajua vikongwe wenye macho yale huitwa wachawi, na tunajua wanafanywaje huku kwetu. Hatuhitaji kuhadithiwa, tumezika wawili kwenye vijiji vya jirani, na wote wawili walikatwa mapanga na watu ambao hadi leo hakuna aliyewaona. Nilipowasikia wanawake kisimani wananyamaza Shangazi anapokaribia, nilimbebea ndoo mpaka nyumbani. Huyu ndiye aliyetulea. Wewe alikubeba mgongoni mpaka unafika darasa la kwanza, watu wanakucheka. Hakuzaa, kwa hiyo alitumalizia sisi mapenzi yake yote.

Nikajiambia dawa ni moja tu: nilipate gonjwa la lile lori, niliweke hadharani, kila mtu alione kwa macho. Nilidhani kazi yangu itamwokoa. Kila nati niliyoifungua nilikuwa naifungua kwa ajili ya roho yake, na nataka ulijue hilo.

Lori lilikuwa limeachwa pale nyumbani, wewe hukutaka hata kuliangalia. Nikaliwasha asubuhi likiwa la baridi. Likatetemeka, linakohoa, kama kawaida yake. Nikachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, na kila nilipochomoa mlio ulizidi kuharibika, maana yake kila plagi ilikuwa inafanya kazi. Pointi za kutoa cheche nikazipima, safi. Nikatoa petroli nikaitia kwenye chupa nyeupe kuona kama ina maji au mafuta ya taa, maana siku hizi kila mwenye dumu ni mwenye sheli, lakini ilikuwa petroli. Nikabaki najikuna kichwa. Halafu nikakumbuka choki ya Mayala. Gari linalotulia likivutwa choki ni gari linalokunywa hewa nyingi kuliko mafuta. Nikafunika mdomo wa kabureta kwa kiganja, taratibu, na injini badala ya kufa ikatulia. Basi hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma. Nikawa natafuta mlango huo.

Nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya manifodi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, hakuna kitu. Nikachukua koleo nikaanza kubana mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine. Nilipobana ule mnene unaokwenda kwenye sevo, lile bakuli la chuma linalomsaidia dereva breki iwe nyepesi, injini ikatulia ghafla, sauti ikanyooka. Kaka, nilipiga kelele ya furaha peke yangu uani. Ndani ya sevo kuna mpira mpana, na mpira ule ulikuwa umechanika. Injini ndiyo inayovuta hewa ya sevo, kwa hiyo ikawa inavuta hewa ya nje kupitia ule mchaniko, na dereva anapokanyaga breki tundu linapanuka na injini inapaliwa na kufa. Ndiyo maana korongoni. Lilikuwa linazimika Kamanga kwenye ngazi ya kivuko, lilizimika hapa Igogo sokoni, lilizimika kwenye geti la kiwanda cha samaki, Mayala mwenyewe alikiri. Lakini huko kote hakukuwa na kikongwe wa kutazamwa, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka.

Nikamwendea Mzee Luhaga, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, nikamwomba awaite watu Jumapili baada ya ibada. Alikubali haraka, yeye mwenyewe maneno yale yalikuwa yanamtisha. Watu walikuja wengi, ungedhani ni mkutano wa chama. Nililisogeza lori mpaka pale korongoni, mlangoni kwa Shangazi, ili wasije wakasema nimefanyia mahali pengine. Nikaeleza, nikawaonyesha ule mpira mnene unaokwenda kwenye sevo, nikaeleza tena kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Wakawa wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao utanitesa mpaka naingia kaburini.

Nilitaka Shangazi mwenyewe ajisafishe. Nikaona ikiwa ni mimi nitakayekanyaga breki, watasema fundi anafanya mazingaombwe yake. Nikamnyanyua mzee wa watu, nikamweka kwenye kiti cha dereva, nikamwambia akanyage pale. Alikuwa anacheka, hajawahi kukaa kiti kile, anawaambia watu wapishe njia. Akakanyaga. Lori likafa. Nikaliwasha tena, nikabana ule mpira mnene kwa koleo, nikamwambia akanyage tena. Halikufa. Nikageuka kwa watu nimejaa ushindi, mikono juu. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa hawaliangalii koleo langu hata kidogo, walikuwa wanauangalia mguu wa Shangazi. Sabina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenieleza baadaye kilichosemwa njiani watu walipokuwa wanarudi makwao. Walisema wameona wenyewe kwamba akiligusa linakufa, na fundi akimbembeleza analiachia.

Mungu anisamehe. Nilikuwa na mguu wa Mayala pale, nilikuwa na mguu wa Mzee Luhaga, miguu tele ya watu wazima, nikachagua mguu ule. Mtu wa kutoka mbali asingefahamu hata kosa liko wapi. Mimi niliyezaliwa pale ningepaswa kujua kwamba watu wa kwetu wakishaanza kumtazama mtu, hawatazami tena kitu kingine.

Nikafanya kile ninachokiweza. Nilikuja mjini, nikapata sevo nzima kwenye lori bovu hapa jirani na gereji, nikaifunga kwenye lori lako, nikarudisha skrubu ya silensa mahali pake, nikasafisha kila kitu. Siku nilipomaliza niliweka glasi ya maji juu ya injini ikiwa inaunguruma, na maji hayakumwagika. Likawa linanong'ona. Lingeweza kusimama nje ya dirisha lako na usijue kuna lori. Sikuwahi kutengeneza gari likatulia kama lile, na nilijisifu kwa kila aliyepita.

Ukaja kuliona. Hayo unayakumbuka. Ulisimama muda mrefu umeweka kiganja kwenye boneti, injini ikinong'ona chini yake. Nikakueleza habari ya mpira tangu mwanzo hadi mwisho, nikakupa ule uliochanika ukaushika. Ukaniuliza swali moja. Ukasema sawa, mpira umechanika, hilo umelielewa, lakini ni nani aliyeuchana ukalizimisha lori siku ile, mahali pale, mtoto wako akiwa ndani? Nikakuambia mpira ni kitu cha kuchakaa, hauchagui siku. Ukasema hilo si jibu. Nikakuuliza kama umekwenda kwa mganga. Ukasema hapana. Nikakuuliza mara ya pili, ukanikazia macho ukasema hapana, ukaongeza kwamba Shangazi ni mama yako. Nikakuamini, kaka. Nililala usingizi mzuri usiku ule. Ukaaga kwamba unakwenda Dar kupumzisha kichwa, na Jumapili shemeji akakusindikiza mpaka stesheni.

Jumanne ya wiki iliyopita, jua linazama, Shangazi alikuwa anafunga mbuzi zake. Sabina alikuwa anasonga ugali. Anasema alisikia gari limekuja likasimama korongoni, likabaki linaunguruma polepole. Hakutoka kutazama. Pale watu wote wamezoea lori la Masalu, likifika linakohoa, linakufa, stata inalia, vijana wanaitana waje kusukuma, kijiji kizima kinajua. Hili lilikuwa limetulia, akadhani ni gari la wageni wanaopita, labda wanauliza njia. Ndipo akasikia Shangazi anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ninyi ni wa nani wanangu, karibuni. Halafu akasikia mbuzi.

Walikuwa watatu. Alinyanyua mkono kukinga kichwa, mkono wa kulia, na panga likaushukia chini ya kiwiko. La pili lilimpata kichwani lakini halikuzama, alikuwa ameshaanguka kati ya mbuzi na mbuzi wakawa wanarukaruka juu yake. Sabina huyohuyo aliyebeba maneno ya watu ndiye aliyetoka na mwiko wa moto na kupiga yowe ambalo lilisikika mpaka ziwani. Sungusungu wakaitikia. Wale watu wakakimbilia kwenye gari, likaondoka. Halikuzimika. Sabina aliliona turubai la kijani la lori lako na ile ndara ya njano tuliyoifunga kwenye kioo chake, akaninong'oneza mimi peke yangu.

Walimfunga mkono kwa kanga, wakampakia baiskeli mpaka Kamanga, na nahodha wa kivuko, Mungu ambariki, alikataa kuondoka mpaka wafike. Nilimpokea upande wa mjini. Alikuwa mwepesi, kaka. Nilimbeba peke yangu mpaka kwenye teksi. Madaktari walimalizia kuukata ule mkono, haukuwa wa kushonwa. Amenusurika. Najua umesoma neno hilo mara mbili. Amenusurika. Siku tano hospitalini, na sasa nimemhamisha, yuko mahali na watu wanaomlinda, na usimtafute Nansio kwa sababu hayupo huko. Hata wewe sitakuambia alipo. Hasa wewe.

Ijumaa Mayala alikuja gerejini. Nilikuwa nimeshaapa nikimwona nitamvunja miguu. Akakaa juu ya tairi akalia kama mtoto, nikashindwa hata kumpiga kofi. Akasema Jumanne asubuhi ulimwita pale kwenye kivuko cha Kamanga, upande wa mjini. Wewe, Masalu, ambaye sisi sote tulijua umepanda treni tangu Jumapili. Ulikuwa na watu watatu wageni, ukamwambia ni wafyatua tofali, awavushe, awazungushe huko mpaka jioni, kisha awashushe korongoni na awasubiri. Ukamwambia asizime injini. Anasema ulirudia neno hilo, kwamba sasa gari limepona, halizimiki, kwa hiyo asiizime. Alipomsikia Shangazi akilia, anasema, ndipo alipojua amebeba nini, na woga ukamwendesha. Sijui kama nimwamini yote. Lakini lile la injini nimeliamini, kwa sababu Mayala hana akili ya kulitunga.

Nimelala na neno hilo siku mbili sasa. Lori bovu lingepiga kelele. Lingekufa palepale, vijana wangetoka kusukuma, wangewakuta watu wenye mapanga. Mimi nilililaza kimya kwa mikono yangu hii, nikaweka na glasi ya maji juu yake nikajisifu, ukalichukua ukalipeleka likamsubirie kifo mlangoni kwake. Ulinisikiliza siku ile kiganja kiko kwenye boneti. Nilidhani unamwomboleza Odeta. Kumbe ulikuwa unasikiliza jinsi lilivyo kimya.

Sijui unavyoishi na hilo. Nilimpenda Odeta, alikuwa ananiita baba Anto na kunitia vumbi masikioni, na naelewa kwamba kufiwa na mtoto kunaweza kumtoa mtu akili. Nimejaribu kukuonea huruma, kaka, nimejaribu kweli, kila nikimbadilishia Shangazi bandeji huruma hiyo inakauka. Kesho Jumatatu mimi na Mayala tunakwenda kituoni. Tutasema kila kitu kama nilivyokiandika hapa. Barua naipeleka sasa hivi kwa kondakta wa basi ninayemfahamu. Itakufikia kabla ya askari au baada yao, sikupanga, na ukiamua kukimbia hilo ni lako. Ila nisingetaka uyasikie haya kwa mdomo wa mtu mwingine wakati mdogo wako yuko hai. Shemeji sijamwambia. Nitamwambia kesho baada ya kituoni, na sijui nitaanzia wapi.

Msalimie mzee mkwe wako na nyumba nzima, waambie wa Igogo tunawakumbuka. Shemeji na watoto wanakusalimu. Mzee Luhaga anakusalimu, yeye hajui lolote bado.

Shangazi naye anakusalimu sana. Hajui, na mimi nimeshindwa kumwambia. Asubuhi, kabla sijaja hapa gerejini, aliponiona nimeshika kalamu aliuliza namwandikia nani, nikasema wewe, akafurahi uso mzima. Amesema usishtuke ukisikia habari zake, anapona, na mkono wa kushoto nao ni mkono. Amesema usiache kazi zako ukimbilie huku. Ila siku yake ikifika wewe ndiye umzike, udongo wa kwanza uutie wewe, kwa kuwa hakuzaa na wewe ndiye mwanaye wa kwanza. Ameniuliza kama nimeyaandika hayo. Nimemwambia nimeyaandika.

Ni mimi mdogo wako,
Antoni